Mlaji wa Sahani

Bibi Edulia hakuniuliza habari za chuo.
Aliuliza: ule mwani wangu uliooza, uliupeleka wapi?

Ule wa Agosti, mdomoni mwa mto Pudeto,
rundo lililokosa jua siku kumi na moja,
likalegea, likatoa ute,
mnunuzi akalisukuma kwa ncha ya kiatu: hili silipimi.
Kipande cha ukubwa wa kucha nilikitia chupani,
nikapanda basi la alfajiri hadi Puerto Montt,
feri ikiyumba, chupa kwapani,
kama mtu aliyeiba yai.

Leo nimemletea kisahani cha maabara.
Ndani, jeli ngumu, angavu.
Katikati ya jeli, mashimo,
wala hakuna aliyechota kwa kijiko.

Namwambia: sukari za mwani zimeshikana mikono,
foleni ndefu, ndiyo maana unateleza bila kukatika.
Bakteria huyu hana meno.
Anatema kimeng'enya, na kimeng'enya
kinajua kiungo kimoja tu cha kukata,
kimoja, si cha pili,
ka,
kisha ka,
mpaka foleni inakuwa tonge.
Haba na haba, Bibi, ila hii ni ya kumaliza kibaba.

Anakiinua kisahani kwenye mwanga.
Mikono yake: miaka arobaini ya maji ya baridi,
nyufa zinazojua chumvi, kidole kimoja hakikunjiki.
"Na hii jeli mnaipika kwa nini?"

Kwa mwani, nasema. Pelillo. Labda…
Nanyamaza, lakini labda imeshatoka.

Labda wa hapa hapa.
Magunia yake juu ya lori la mtu mwingine,
yakachemshwa, yakachujwa, yakagandishwa,
yakawa unga mweupe ndani ya kopo
ambalo bei yake niliisoma mara mbili
nikidhani nimekosea nukta.

Kuni zinalia jikoni.
Kisha anacheka kile kicheko chake cha kukohoa:
"Kwa hiyo kaula mwani wangu ufukweni,
kaufuata mjini, kala na sahani!"
Kikulacho, nilifundishwa, ki nguoni mwako.
Hiki kilikuwa guniani.

"Wanamlipa kwa kilo?"

Halipwi, Bibi.

"Hata mchanga hawamkati kwenye mzani?"

Hata.

Anakifunika. Anapita jiko, anapita meza,
anakiweka dirishani, upande wa upepo,
penye baridi anayoipenda yule mdudu,
na mimi sikuwa nimemwambia.