Ngozi ya Ndama

Mjomba Khamus alinipa kisu butu
na ngozi iliyolala siku tisa kwenye chokaa.
"Kwangua mpaka usimsikie mnyama."
Nikakwangua. Mnyama akabaki:
njia ya mshipa, kama kijito kilichokauka,
na tundu dogo pajani, alipoumwa na nzi.

Nje, Jerba inapukutisha zeituni.
Upepo wa jangwa unausukuma mlango wa samawati,
na ndani kalamu ya tete inakwaruza.

Mwezi uliopita tuliandika sheria:
kondoo wa asubuhi, kondoo wa jioni,
figo na shahamu yake,
damu pembeni mwa madhabahu,
moshi upande, Mola aridhike.
Mwezi huu tunamwandika nabii,
naye kaja juu kama maziwa motoni,
anaapa kwamba siku ile ya kutoka Misri
hapakutajwa kafara hata moja.

Nikaweka kisu chini.
"Mjomba, mmoja wao ni mwongo."

Hakuinua macho. Alikuwa katikati ya Jina,
na aliye katikati ya Jina
hamwitikii hata mfalme.
Wino ulipokauka akasema:
"Na ule wimbo wa toba, umeusoma mpaka chini?
Katikati Mungu hana haja na fahali,
moyo uliopondeka wamtosha.
Chini kabisa, mafahali hao, wanapanda madhabahuni!
Wapo wasemao mkono wa pili uliongeza.
Wapo wasemao moyo utangulie, fahali afuate.
Mimi nanakili. Nikipunguza herufi moja
gombo zima latiwa kaburini."

"Lakini wewe waamini upi?"

Akakohoa. Akanitajia baba yake, mchinjaji wa mtaa,
aliyepima makali ya kisu kwenye ukucha
mara kumi na mbili kwa kuku mmoja,
na ambaye meza nzima ikila kuku
yeye alichovya mkate kwenye mafuta, kimya.
Basi. Hakuongeza neno.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, hunenwa.
Hapa wamekaa miaka elfu mbili na zaidi,
na zizi lenyewe ni ngozi ya ndama.

Alasiri tukafika kwenye safu ya hasira.
Maneno ya kuikataa damu
yaliangukia pajani, palipo na tundu.
Mjomba akalitazama kitambo,
akaliruka, upana wa herufi moja,
akachovya kalamu,
akaendelea.