Jozi ya Tatu

Tampere, Februari. Theluji imeziba nusu ya dirisha la duka.
Tauno amevua viatu mlangoni kama aingiaye nyumba ya ibada,
kaketi katikati ya kochi, magoti pamoja.

Jozi ya kwanza: besi nzito kama uji wa shayiri.
Ya pili safi mno, kila kinanda kimenawa mikono.
Muuzaji anataja wati, desibeli,
mbao zilizokaushwa miaka saba;
bei anaitaja kwa sauti ya chini,
kama jina la ugonjwa.

Aulikki hasemi.
Miaka thelathini ya mashine za kufuma
ilimla sikio la kushoto, na nusu ya la kulia.
Amekuja kushika koti la mume, basi.

Lakini jozi ya tatu ilipoanza, selo moja tu,
aliinuka, akaweka kiganja ubavuni mwa spika
mtu apapasavyo ng'ombe aliyekaribia kuzaa.
"Huyu anapumua."

Tauno akautazama mkono ule, akasahau bei.

Sebuleni, fundi alishauri kiti kimoja,
katikati kabisa, kabati la vyombo liondoke.
Kabati litaondoka.
Ila kiti cha pili kitakaa pembeni, pasipofaa,
karibu na mbao,
mkono ufike.