Birika Langu Lakuwashia Nini?

Alfajiri, Gyumri. Baridi imekaza meno.
Ngazi za jengo letu la mawe meusi zanuka kabichi.
Nachomeka birika. Linaguna.
Ndani yake waya umejikunja kama mtu aliyelala njaa,
mkondo unapita kwa kusukumana,
na penye kubanana ndipo joto huzaliwa.
Juu yangu Siranush anawasha hita,
nyuzi mbili nyekundu, macho ya mlevi.

Pu!
Giza. Tunagawana fyuzi moja.

Kisha kandambili zake kwenye saruji,
kisha kidole chake kwenye kengele yangu
(kengele bubu, bila shaka:
kinyundo kimekosa sumaku ya kukivuta),
kisha ngumi mlangoni.
"Zaruhi! Birika lako!"
"Birika langu lakuwashia nini?"
"Laniwashia giza!"

Miaka kumi na moja hivyo.

Siku moja nikafungua kisanduku cha fyuzi,
na mahali pa uzi ule mwembamba
ulioumbwa ufe kwa niaba yetu
nikakuta msumari. Wa inchi tatu.
Msumari haufi kwa ajili ya mtu,
ungengoja nyumba iteketee kwanza.
Nikaung'oa, nikaweka uzi. Sikumwambia.
Jioni akashuka na boga lililojazwa wali na zabibu,
akasema limemshinda, yuko peke yake.

Kazi yangu ni kreni, uwanja wa vyuma chakavu, nyuma ya reli.
Mwisho wa mnyororo, sahani pana kama meza ya harusi,
na tumboni mwake shaba, mizunguko juu ya mizunguko.
Nabonyeza: majiko, springi za vitanda, mlango wa Lada,
vyote vinarukia juu kama vimeitwa kwa majina.
Naachia: vinaanguka.
Hakuna hirizi hapo. Ni mkondo uleule wa chai yangu,
ukibanwa unaunguza, ukizungushwa unavuta.
"Kama wewe," angesema Siranush.

Februari alihamia Marseille, kwa mwanawe.
Vyombo vyake viliuzwa kwa kilo.
Pasi yake niliijua kwa waya,
ule aliouganga kwa kitambaa cha buluu.
Nikainyanyua pamoja na vingine,
ikaning'inia juu ya theluji, kitambaa kinapepea.
Nikaachia.

Vyote vikaanguka
ila msumari mmoja.
Mkondo umekatika, nao umeng'ang'ania.

Varazdat akapaza sauti kutoka chini:
chuma laini husahau papo hapo,
kigumu hubaki na kumbukumbu kidogo.
"Tikisa, utadondoka!"

Nilimsikia.
Nikakaa kwanza, mkono juu ya usukani.

Siku hizi birika langu huchemka hadi mwisho.
Ngazi zina mwanga, chini hadi juu.
Kengele ni nzima. Nimeijaribu mwenyewe,
mara mbili.