Kisichooza Haraka

Mabondo ya sangara, kilo thelathini na mbili,
yalikutwa kwenye salfeti, getini, kiwanda cha minofu,
na salfeti ilikuwa karibu na mdogo wangu.
Karibu. Ndilo neno lililoandikwa.

Siku ya tatu upande wa Jamhuri ukasimama:
mheshimiwa, kielelezo kinaoza.
Amri ikatoka kabla ya chai ya saa nne.
Mabondo yakapimwa, yakapigwa picha, yakauzwa,
risiti ikabanwa ndani ya jalada.

Lushinge hakuwa akitoa harufu.
Akarudishwa Butimba.

Dhamana ilikuwepo, msinielewe vibaya.
Nusu ya thamani, taslimu au hati.
Nikahesabu dagaa wangu wa Mwaloni, ndoo kwa ndoo,
nikaona: angekuwa ameiba kweli
angekuwa nayo.

Miezi kumi na saba.
Nikajua benchi lipi lina msumari,
karani yupi hukohoa kabla ya kuahirisha.
Mpelelezi yuko kozi, Moshi.
Shahidi amehamia Geita.
Jalada liko kwa wakubwa.
*Upelelezi haujakamilika, mheshimiwa.*
Mara ya kwanza niliisikia kama habari,
mara ya kumi kama shikamoo,
nusura niitikie marahaba.

Huku nyumbani mtoto wake akaota meno,
akasimama, akakimbia,
na ukimuuliza baba yako anaitwa nani
anajibu: Butimba.

Kisha akaletwa hakimu mwingine, mama mmoja
miwani yake imefungwa uzi mkononi mwa kushoto.
Alisoma jalada kuanzia ukurasa wa kwanza,
akilowesha kidole, nasi tukasubiri.
"Kielelezo kiliuzwa lini?"
Siku ya tatu, mheshimiwa.
"Na huyu?"
Mwendesha mashtaka akageuza karatasi
ambayo upande wa pili haikuwa na kitu.

Hakuhubiri. Alisema tu
kwamba kusubiri si adhabu iliyomo kwenye kitabu chake,
akapunguza masharti: wadhamini wawili, barua za mtendaji,
kuripoti kituoni kila Jumatatu.
Nikaweka nyumba yangu ya Mabatini,
vyumba viwili juu ya jabali
na choo cha kupandia ngazi.
Wakaipiga muhuri. Sasa nayo ni mshtakiwa kidogo.

Alitoka saa kumi na moja na kitu,
suruali ikimning'inia kama si yake.
Tukapanda mawe kimyakimya.
Mlango ulikuwa wazi,
hata hivyo alisimama nje akisubiri ufunguliwe,
halafu akachuchumaa uani, mikono magotini,
jinsi wanavyochuchumaa wakati wa kuhesabiwa.

Mtoto akamletea kigoda.
"Butimba, kaa."

Hakukaa.
Akaniangalia mimi kwanza.