Sailensi

Ikikimbia haina neno.
Kutoka Changamwe hadi Makupa, gia ya nne,
Pijo yangu 404, rangi ya maziwa yaliyoganda,
yapita pikipiki na yajua inapita.
Ni pale Buxton, kwenye taa nyekundu,
nikiinua mguu tu,
hutetemeka kama mtu aliyekumbuka deni,
puh, puh,
ikazima.

Nyuma yangu honi. Tuktuk yanizunguka,
dereva wake, kijana wa juzi, achungulia:
"Mzee, hiyo ipeleke Fort Jesus!"

Mafundi wa Kingorani wana jina
la ule mngurumo mdogo wa gari lililosimama
bila mguu wa mtu juu ya mafuta:
huuita sailensi.
Kimya, kumbe kina sauti.
"Gari yako," asema Stambuli, "haina sailensi."

Jumamosi ya kwanza tulilaumu plagi.
Ya pili tukalaumu petroli,
tukamwaga tangi zima kwenye mtungi wa manjano,
tukakuta chini kutu, mchanga,
na bawa la mende.
Ya tatu, kabureta ikalala juu ya gazeti,
vipande ishirini na kimoja
juu ya matangazo ya vifo.

Jeti ya sailensi ina tundu
dogo kuliko la sindano ya mshona kofia.
Stambuli haitii waya.
"Waya hupanua. Likipanuka, umeua."
Aliipuliza kwa mdomo, akaiinulia jua,
akafumba jicho moja:
nukta ya mwanga, safi.
Tukarudisha. Tukakaza. Nikawasha.
Puh.

Nilistaafu Kilindini mwezi wa tatu.
Miaka thelathini na minne juu ya kreni,
nikiteremsha makontena kama mtu alazaye mtoto.
Sasa naamka saa kumi, sina zamu,
napanga viatu, napangua,
natengeneza bomba lisilovuja mpaka livuje.
Mwanakheri alikuwa akikuna nazi juzi,
wala hakuinua kichwa:
"Wewe na gari hiyo mwafanana.
Hamjui kukaa."

Jumamosi ya nne Stambuli hakufungua kitu.
Aliniambia nishikilie mafuta, taratibu, isizime.
Akachovya brashi katika kikopo cha mafuta ya taa,
akawa anapaka, tone kwa tone,
kwenye maungio, kwenye mipira,
sikio limeinama
kama la mtu anayeambiwa siri na mgonjwa.
Kulia, hakuna. Nyuma, hakuna.
Kushoto, chini, kwenye gasketi ya kitako,
injini ikabadili sauti.

"Hapa. Yavuta hewa ya wizi.
Ikikimbia haijali, hewa ni tele.
Ikitaka kutulia ndipo
pumzi ndogo ya pembeni huivuruga."

Gasketi ilitoka vipande vipande, kavu kama ukoko.
Chumvi yetu hii, inayokula hata bawaba za milango,
ilikuwa imeshaanza kitako cha chuma.
Alikisugua juu ya kioo mpaka kikawa sawa,
akakata gasketi mpya kwa mkasi wa kushonea.
Kisha bisibisi. Skrubu ya hewa
ifunge yote, kwa upole, usiivunje moyo,
ifungue mara moja na nusu.
Robo. Sikiliza.
Robo tena. Rudi kidogo.
"Usitafute nguvu. Tafuta pale isipotaka kitu."

Nikatoa mguu.

Ikakaa.

Stambuli alisimamisha sarafu ya shilingi ishirini
kwa ukingo wake, juu ya injini.
Ilitetemeka, ikasimama.
Lori la simenti likapita, ikaanguka ndani,
tukaitafuta hadi adhuhuri, hatukuiona.

Nyumbani sikuzima.
Mwanakheri akatoka, leso begani, unga mikononi,
akaingia upande wa pili.
"Twaenda wapi?"
"Hatuendi."
Alinitazama. Akatazama dashibodi,
sindano zilizolala, moja tu ikipumua.
Akavuta mlango,
polepole,
asije akaiamsha.