Waraka

Waraka ulifika Isongole kwa bodaboda,
ndani ya mfuko wa nailoni, kona zimelowa.
Mwalimu Mkuu Mwakibinga aliusoma kasimama,
koti kalifunga hadi shingoni,
akatupitishia mkono kwa mkono kama kisahani cha karanga:
shule yoyote isimkatae mtoto yeyote.
Chini yake, muhuri.
Chini ya muhuri, hakuna kitu.

Nilitafuta ukurasa wa pili.
Nilidhani umenatana na wa kwanza kwa unyevu.

Darasa la pili nina watoto tisini na mmoja,
madawati ishirini na mawili,
na dirisha linaloingiza ukungu wa Rungwe bila hodi.
Ngazi za mlangoni ni tatu.
Miaka tisa nimezipanda; sikuwahi kuzihesabu
mpaka Lwitiko alipoletwa mgongoni mwa kaka yake.

Siku hiyohiyo akaja mama yake Subilaga.
Zamani (mwaka jana, lakini nasema zamani)
tulimwambia ampeleke mjini, kwenye shule yao,
nasi tukijua hana nauli,
naye akijua kwamba tunajua.
Alisema ndaga, akarudi kupalilia viazi.
Safari hii hakuomba.
"Nimesikia kuna sheria," alisema,
akauachia mkono wa binti.

Subilaga hasikii.
Nilimwandikia a, e, i kubwa kama majembe,
nikapaza sauti, mjinga mimi,
wale tisini wakacheka.
Yeye akanitazama kwa subira
ya mtu anayemngoja mgeni amalize kuvua viatu.

Kisha akaanza kunifundisha.
Mvua: vidole kumi vikishuka.
Kiazi: ngumi inayosuguliwa na kiganja.
Kesho: kidole kikiruka mlima.
Na jina langu kwake
si Mwalimu Tusekile:
ni mkono unaofuta chaki kwenye sketi, mara mbili.
Sasa darasa zima huniita hivyo
ninapowapa mgongo.

Fomu ya robo mwaka inauliza:
Je, mwalimu amepata mafunzo?
Nikaweka vyema penye Ndiyo.
Jina la mkufunzi: Subilaga.
Umri: miaka minane.
Posho aliyolipwa: kiazi kimoja cha kuchoma.

Mwakibinga amenisihi nifute, wakaguzi hawana utani.
Sijafuta. Kalamu ilikuwa ya wino.

Hapo nje mvua inaanza, vidole kumi,
na ngazi bado ni tatu.