Saa ya Sataranji

Babu Ambrosi hajui Kiingereza hata cha kuombea maji,
lakini ndiye mtahini wangu.
Nimemwandikia maswali kwa herufi zetu za Kijojia,
sauti kwa sauti, naye anayasoma taratibu,
miwani puani,
kama aliyefungua barua ya jirani kwa bahati mbaya.

Ghorofa ya saba. Leo umeme upo.
Lifti yetu inakula sarafu, kwa hiyo hatushuki bila sababu.
Mezani: mkate, jibini ya chumvi,
na saa ya sataranji aliyoishinda mgodini
mwaka aliozaliwa mama.
Akibonyeza upande wake, dakika zangu mbili zinaanza kuliwa.

"Eleza chakula unachokipenda."
Nikaeleza. Nikavimeza vile vijineno
ambavyo Waingereza huvisimamisha mbele ya kila kitu
kama walinzi wa getini.
Kwetu mkate ni mkate, hauna mlinzi.

"Je, usafiri wa umma uboreshwe?"
Uboreshwe, nikasema, nikatoa sababu tatu.
Mabasi ya hapa ni mawili,
na moja limelala gereji tangu Pasaka.

Ikaja karatasi ya mjadala.
Mwalimu Eteri alituonya: msijibu kwa neno moja.
Mtahini hatafuti ukweli, anatafuta sentensi.

Babu akakohoa kile kikohozi chake cha makaa,
akasoma, akiteleza penye sauti ya ulimi kati ya meno:
"Kwa nini vijana wanaihama miji midogo?"
Hakujua alichouliza.
Akabonyeza.

Nikasema sababu ni nyingi. Kwa upande mmoja ajira,
kwa upande mwingine elimu.
Sikusema kwamba darasani tulikuwa thelathini na moja
na harusi ya Guliko ilitukusanya wanne.

Swali lililofuata alilisoma vizuri kuliko yote.
Hata sauti aliipandisha mwishoni, kama nilivyomfundisha:
"Nani awatunze wazee, watoto wao wakienda ng'ambo?"
Akabonyeza. Akakunja mikono. Akangoja.

Jibu nilikuwa nalo. Nililikariri wiki mbili,
lina "ingawa" na "hata hivyo" na "kwa jumla",
lina serikali, makao ya wazee, simu za video.
Lilipanda mpaka kooni, likaketi.

Tiki. Tiki.

Nikatazama vidole vyake, ule weusi uliolowea chini ya ngozi
usiosikia sabuni,
na vidonge vyake vya saa mbili ndani ya kikombe cha yai.
Nikasema kwa Kiingereza, bila pambo:
Sijui. Najiuliza kila usiku, sijui.
Chai anaitaka nyeusi. Kushikwa mkono hataki.
Mama yuko Bari, anamwogesha mzee wa watu wengine.
Nitatuma pesa, kama yeye.
Pesa haipandi ngazi lifti ikikwama.

Sikutafuta neno hata moja. Yalikuwa yamepanga foleni.

Kibendera kikaanguka.

Babu akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati.
"Hilo ndilo bora," akasema kwa lugha yetu.
"Mwanzo ulikwama, halafu ukaenda kama toroli kwenye reli.
Uliulizwa nini?"

Hali ya hewa, nikasema.

Akageukia dirisha. Ukungu ulikuwa umekalia mnara wa mgodi.
Akatikisa kichwa kukubali, polepole,
kwa muda mrefu kuliko hali ya hewa inavyostahili.
Kisha akapapasa mfukoni, akatoa sarafu moja,
akaisukuma kwa kidole mpaka upande wangu wa meza.
"Ya lifti. Jumamosi utakuwa na begi."

Akarudisha mishale nyuma, akageuza karatasi,
akavaa miwani.
"Swali la tano.
Je, kuna faida gani kuwa na burudani za wakati wa mapumziko?"

Faida, nikasema, zipo nyingi.